Keateka Asiyeshika Simu

Kila mpangaji wa Kawangware anajua makeateka ni wa aina mbili. Kuna yule anayegonga mlango tarehe tano asubuhi na mapema, na kuna yule ambaye bomba likipasuka, simu yake imezimwa. Programu nazo zina makeateka. Nilipoacha chuo na kuanza kuandika makala za kulipwa kwa neno, ndipo wa aina ya pili walipoanza kunihusu.

Naandikia laptopu ya mtumba inayotumia Linux, kwa sababu Linux ni bure na mashine ni kuukuu. Kikagua tahajia changu cha Kiswahili kinategemea orodha ya maneno ambayo mtu fulani aliipakia zamani, kisha akanyamaza. Nikiandika "bodaboda," mstari mwekundu. "Mtandaoni," mstari. Ukurasa unafanana na daftari la mtoto aliyefeli imla. Nilimwandikia mtunzaji. Kimya. Baada ya mwezi, tena. Kimya.

Watu wa Debian, mfumo wa Linux ulioanza 1993, wamelifikiria jambo hili kiungwana. Tangu 2018 wana utaratibu wa kuokoa pakiti iliyotelekezwa. Unatangaza nia yako hadharani, mtunzaji akiona. Unangoja siku 21. Asipojibu, unatuma toleo jipya, nalo linakaa foleni siku 7 zaidi, ili apate nafasi ya kukataa. Kama wewe si mwanachama, unatafuta mwanachama akukague kwanza. Ni karibu mwezi mzima wa kupiga hodi.

Rafiki yangu wa Riruta anasema huo ni urasimu. Si uchukue tu orodha, uongeze maneno, uitoe kwa jina jipya? Leseni huria inaruhusu. Ni kweli, lakini wanaotumia pakiti ya zamani watabaki na mistari yao myekundu.

Na haraka ina bei yake. XZ, programu ya kubana faili, ilitunzwa kwa miaka na Mfini mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 alisukumwa kwa barua: mbona unachelewa, mpe mwingine. Akampokea msaidizi aliyejiita Jia Tan. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Alipochimba, akakuta mlango wa siri ndani ya matoleo ya msaidizi huyo. Papara ya wapangaji inaweza kumpa mgeni funguo za ploti nzima.

Kiswahili kina hadithi yake pia. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha yetu. Ulikuwa mradi, na mradi huwa na mwisho. Maneno hayana. Kila steji kutoka Dagoretti Corner hadi tao inazaa mapya, na hakuna mfadhili wa kuyaandika kila Ijumaa.

Kwa hiyo nimetangaza nia, kwa jina langu halisi, na maneno 612 mkononi. Leo ni siku ya tisa. Huenda mtunzaji ana mtoto mchanga. Huenda amechoka, huenda hayupo tena duniani. Siku zikiisha, jina lake litabaki juu ya langu kwenye faili. Msingi aliuchimba yeye.