Mlango Unaoliwa

Lamu haina haja na mpiga picha mwenye haraka. Vichochoro ni vyembamba. Jua hugusa chini kwa muda mfupi tu, karibu na adhuhuri. Nilikuwa nimeketi kwenye daka la nyumba moja nikingoja mwanga ufike kwenye mlango wa nakshi, mwenyewe akatoka.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuupiga picha mlango wako."

"Marahaba. Wenzako hupiga maua haya ya juu, wakaenda zao. Huku chini mchwa wanakula. Utapapiga?"

Nikapiga magoti, nikapapiga.

Tangu 2001 mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, lakini orodha haifukuzi mchwa.

Picha ya maua ilipata laiki kibao. Ya mchwa mzee aliniomba nimtumie kwa WhatsApp, awaonyeshe wanawe walioko Mombasa, wachangie fundi.