Saa ya Ahmed na hita ya nyembe

Jumatatu ya tarehe 14 Septemba 2015, kijana wa miaka 14 aitwaye Ahmed Mohamed alikwenda shuleni kwake, MacArthur High School, mjini Irving, Texas, akiwa na saa aliyoiunda nyumbani. Ilikuwa bodi ya saketi, transfoma, nyaya na kioo cha namba, vyote vimepangwa ndani ya kijisanduku cha kalamu. Alimwonyesha mwalimu wake wa uhandisi, akasifiwa, kisha akashauriwa asiwaonyeshe walimu wengine. Ushauri huo unanisumbua mpaka leo. Nadhani yule mwalimu alijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba saa haina neno, na kwamba mikononi mwa mtoto mwenye jina lile ingetazamwa vingine.

Kwenye kipindi cha Kiingereza saa ikalia. Mwalimu akaichukua, polisi wakaitwa, na siku hiyo hiyo Ahmed akatolewa shuleni kwa pingu, amevaa fulana yenye nembo ya NASA. Shule ikamsimamisha masomo siku tatu. Shitaka lililofikiriwa lilikuwa bomu bandia, yaani kubeba kitu kwa nia ya kuwatisha watu waamini ni bomu, ilhali yeye tangu mwanzo alisema ni saa.

Lakini hakuna aliyewatoa wanafunzi madarasani. Kikosi cha mabomu hakikuitwa. Saa ilikaa mle mle shuleni pamoja na watu wote. Anayeamini kuna bomu hukimbia, tena huacha viatu. Hawa hawakukimbia kwa sababu hawakuamini. Kilichowashughulisha ni mwenye saa, mtoto wa baba wa Kisudani, Mwislamu, mweusi.

Sisi Waswahili wa Texas tuligawanyika. Wapo waliosema yeye naye alitafuta nini, si angeiacha nyumbani? Wapo waliodai, kama alivyodai mwanasayansi Richard Dawkins kule Uingereza, kwamba kijana hakuunda kitu, alifungua tu saa ya dukani akaihamishia kwenye sanduku jingine. Haya, tuseme ni kweli. Fundi gani wa Kariakoo hakuanza kwa kufungua cha mwenzake? Na hata akijisifu kupita kiasi, majivuno ya mtoto wa miaka 14 yanahitaji pingu?

Tuliosoma bweni Tanzania tulikuwa na chombo cha hatari kuliko saa yoyote: hita ya nyembe. Unachukua nyembe mbili, unaziweka sambamba, katikati unapachika vijiti vya kiberiti ili zisigusane, unafunga kwa uzi, kisha kila wembe unaupa waya wake. Unatumbukiza kwenye ndoo na kuchomeka ukutani. Nyembe hazipati moto kama watu wanavyodhani. Umeme unapita kwenye maji yenyewe kutoka wembe mmoja kwenda wa pili, na hapo ndipo maji yanapochemka. Ndiyo maana wajanja walitia chumvi kidogo, maji yachemke haraka. Mtu akitia mkono kupima joto kabla ya kuchomoa, kaburi linamngoja.

Ukikamatwa nayo, matroni anaishika juu paredi nzima iione, unakula viboko, na ukiwa sugu mzazi anaitwa. Hita inavunjwavunjwa mbele yako. Yakaisha. Hakuna aliyeuliza unaswali wapi wala baba yako katokea nchi gani. Uliadhibiwa kwa utundu wako, na utundu ndio uliokuwa kosa.

Siisifii adhabu hiyo. Mwalimu wa fizikia alikuwepo paredini naye, akiangalia. Vijana wale walikuwa wamegundua wenyewe kwamba chumvi huongeza upitishaji wa umeme, na hakuna aliyewaita maabara kuwauliza wamejuaje. Kenya kuna Richard Turere, Mmaasai aliyekulia jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambaye amesimulia jinsi mama yake alivyowaka alipoikuta redio yake mpya imefunguliwa. Akiwa bado mtoto, baadaye alichukua betri ya gari, kifaa cha indiketa za pikipiki na balbu, akatengeneza taa za kumwekamweka zilizowazuia simba kuingia zizini. Mama aliumia kwa redio yake. Hakumwona mwanawe kuwa adui.

Hata hivyo, nyumbani nako jina lina uzito wake. Aprili 2014 polisi wa Kenya waliingia mtaa wa Eastleigh, Nairobi, katika operesheni ya kusaka magaidi iliyoitwa Usalama Watch, wakakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kijana wa mtaa ule angekutwa wiki ile na kisanduku cha nyaya, sidhani angeishia kwa matroni.

Ya Ahmed yalipoa haraka kwa nje. Polisi walitangaza siku mbili baadaye kwamba hashitakiwi. Rais Obama akamwalika Ikulu, na Oktoba akaenda kutazama nyota huko. Muda mfupi baadaye familia ikahamia Qatar, alikopata ufadhili wa masomo. Kesi waliyofungua mwaka 2016 dhidi ya mji na wilaya ya shule ilitupwa na jaji wa shirikisho. Wala hakuwa wa kwanza: Kiera Wilmot wa Florida, msichana mweusi aliyechanganya dawa ya choo na karatasi ya alumini mwaka 2013 chupa ikafyatua kifuniko, naye alikamatwa na kuondolewa shuleni kwake, kisha mashitaka yakaondolewa.

Mzazi mwenzangu uliye huku, usimzuie mwanao kufungua vitu. Kabla hajabeba alichounda, mwandikie mwalimu barua pepe yenye picha, ubaki na nakala. Na mfundishe sentensi moja ya kumwambia polisi: sijibu swali mpaka mzazi wangu afike. Nawe mwalimu wa fizikia uliye nyumbani, safari ijayo hita ikikamatwa, iombe kabla matroni hajaivunja.