Majina ya Watu Yatokayo Jikoni

Katika safari yetu tulikaa siku kadhaa Hong Kong, mji ambao watu wake wengi husema Kikanton, lugha ya pande za kusini za China. Karibu na nyumba tuliyofikia palikuwa na duka la nyama za kuoka. Dirishani hutundikwa mapande marefu ya nyama ya nguruwe, mekundu, yang'aayo kwa asali. Jina lake cha siu.

Jioni moja mama mmoja alisimama pale na mwanawe, akaisoma karatasi ya mtihani wake, kisha akanena kwa sauti: "Afadhali ningalizaa pande la cha siu kuliko kukuzaa wewe!" Tukahuzunika. Mwenyeji wetu akacheka, akatueleza ya kuwa wazazi wengi wa huko hulisema neno hilo, maana cha siu angalau yaliwa. Ni mzaha tu, alisema. Lakini tulimtazama yule kijana, naye hakucheka.

Tangu siku ile tukatega masikio. Mtu mvivu, ambaye kazi yake ni kula tu, huitwa pipa la wali. Msahaulifu, aachaye kitu chake kila aendako, ni kamba wa kichwa kikubwa (nasi tuliitwa hivyo, kwa sababu ya mwavuli). Mwanamke aliyekawia kuolewa huitwa chungwa la chini ya tenga, yaani lile lililobaki wateja walipokwisha kuchagua. Hilo hatukulipenda.

Aliyefukuzwa kazi husemwa amekaangwa ngisi. Asili yake ni hii: zamani wafanya kazi wengi walilala papo hapo kazini juu ya matandiko yao wenyewe, na aliyefukuzwa aliyakunja akaenda zake. Ngisi naye, akitiwa katika kikaango cha moto, hujikunja vivyo hivyo. Sisi husema mtu amemwaga unga. Wote wawili, twaona, hulala njaa.

Na maiti je? Huitwa samaki wa chumvi. Kwa hiyo mtu aliyefilisika, ambaye jamaa zake wamekwisha kumkatia tamaa, akiinuka tena na kufungua duka lake, majirani husema: "Samaki wa chumvi amefufuka!" Mwenyeji wetu alikiri ya kuwa yeye mwenyewe aliitwa hivyo mara moja, na alipotuambia uso wake ulikunjuka.