Upau uliomficha mwanachama wa mwisho

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo nataka tuzungumze juu ya pau mbili zinazokaa kwenye skrini za programu za simu: ule wa juu wenye kichwa na kitufe cha kurudi, na ule wa chini wenye vitufe vya kazi, yaani upauzana. Najua wako watakaosema hilo ni jambo la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo, mpaka shangazi yangu alipokaribia kuitwa mwizi mbele ya watu kwa sababu ya pointi 44.

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kule Kisauni, Mombasa. Wako 23. Kila mmoja anatuma shilingi 1,000 kwa wiki kwa M-Pesa, na kila Jumapili mmoja anapokea mchezo. Kwa miaka mingi hesabu zilikuwa kwenye daftari la kurasa za mistari, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mwaka 2023 binti yake aliyeko Doha akamtumia iPhone 11 aliyokuwa akiitumia yeye. Shangazi akanipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, wewe si ulisomea haya mambo ya tarakilishi? Niandikie kitu nipumzike na daftari."

Nani atamkatalia shangazi? Niliandika kwa wikendi tatu. Skrini ya kwanza ilikuwa orodha ya majina kwa mpangilio wa alfabeti: unagusa jina, linawekwa alama ya kuwa amelipa, na jumla inaongezeka juu. Skrini ya pili iliitwa "Wasiolipa". Chini ya orodha niliweka upau wenye vitufe viwili, "Funga wiki" na "Wasiolipa". Nikaijaribu, ikafanya kazi, nikamtumia kwa TestFlight. (Kwa wasiojua, programu unayoituma kwa njia hiyo inakufa baada ya siku 90 usipotuma nyingine, na kabla ya hapo unalipa dola 99 kwa mwaka ili Apple wakutambue kuwa mtayarishaji programu.) Shangazi alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi yake.

Mwezi mmoja baadaye ikaja zamu ya mama mmoja ambaye jina lake linaanza na Z. Kabla ya kumpa mtu mchezo, mweka hazina huangalia kama ana deni. Shangazi akabonyeza "Wasiolipa". Likatoka jina moja tu: la yule mama. Wiki nne, shilingi 4,000, na faini ya 100 kwa kila wiki.

Yule mama hakubishana. Alitoa simu yake na kusoma jumbe za M-Pesa moja baada ya nyingine, kila moja na nambari yake, tarehe yake, saa yake, na jina la shangazi kama mpokeaji. Jumbe nne. Hapo swali likageuka. Kama pesa zilitumwa na zikapokewa, na kwenye hesabu hazimo, ziko wapi? Hakuna aliyelitamka neno lenyewe, lakini watu wakamtazama shangazi. Amekuwa mweka hazina miaka 11.

Alinipigia usiku ule. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza tu, "Baba, hii simu inaweza kusahau mtu?"

Niliifungua tarakilishi palepale. Nilipoiandika programu niliijaribu kwa majina matano, ya marafiki zangu wa chuo. Majina matano hayafiki hata nusu ya skrini. Safari hii nikaweka majina 23. Nikavuta orodha hadi mwisho, nikahesabu: 22. Nikavuta tena kwa kidole bila kuachia, na jina la 23 likachungulia juu ya upau. Nilipoachia, likarudi chini yake. Kila mstari wa orodha niliupa urefu wa pointi 44. Upau nao niliupa pointi 44. Ulikuwa umemfunika yule mama kama kifuniko kinavyofunika chungu chake, bila hata ukingo kubaki nje. Tena niliupaka rangi nzito isiyopenya, kwa sababu niliona inapendeza.

Sasa mnaelewa yaliyompata shangazi. Jumamosi usiku alikuwa akishika jina, anatafuta ujumbe wa jina hilo, anaweka alama, anashuka kwenye jina linalofuata. Alipofika chini alijua amemaliza. Hakuwa na sababu ya kuivuta orodha iliyokwisha fika mwisho. Jumla ilisoma 22,000, akatoa 22,000, na kila aliyepokea alidhani kuna mmoja aliyechelewa, kwa sababu kwenye chama daima kuna mmoja aliyechelewa. Shilingi 4,000 zilikuwa bado kwenye simu yake, zimechanganyika na pesa zake za kuuza viazi karai.

Haya, tuingie kwenye ufundi, maana kosa hili nimeliona kwa wengi.

Kwenye iPhone skrini zako zikikaa ndani ya UINavigationController, fikiria rundo la sahani. Ukifungua skrini mpya unaweka sahani juu, ukirudi unaiondoa. Upau wa juu ni wa rundo zima, lakini maandishi yake yanatoka kwenye sahani iliyo juu wakati huo. Kwa hiyo kichwa na vitufe vyake unaviandika kwenye skrini yenyewe, ndani ya viewDidLoad:

title = "Michango"
navigationItem.rightBarButtonItem = kitufeOngeza

Wengi huandika navigationController?.navigationItem.title, kisha wanashangaa mbona hakuna kinachobadilika. Hapo umeandika jina kwenye kabati la sahani, na anayesomwa ni sahani.

Upau wa chini unafuata kanuni ileile. Rundo tayari lina upauzana wake, ila umefichwa mpaka uuombe, na vitufe vyake vinatoka kwenye toolbarItems ya skrini iliyo juu. Mimi mwanzoni niliandika navigationController?.toolbar.items na kuweka vitufe vyangu humo. Sikuona kitu. Usiku ulikuwa umekwenda, nikakata tamaa, nikatengeneza UIToolbar yangu mwenyewe, nikaibandika kwa addSubview juu ya kila kitu na kuikaza chini ya skrini. Ikaonekana! Nikalala vizuri.

Ubaya wa upau wa kubandika ni kwamba orodha haijui kuwa upo. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, mwaka uleule iPhone X ilipotoka bila kitufe cha nyumbani, kila skrini ina eneo salama: sehemu ambayo haifunikwi na kitu chochote cha mfumo. iPhone 11 ina urefu wa pointi 896, na 34 za chini kabisa ni za ule mstari wa kutelezesha kidole. Orodha inazijua hizo 34 na inajisogeza juu yake yenyewe. Ukiutumia upauzana wa rundo, nao unahesabiwa, na mstari wa mwisho unapanda mpaka juu ya upau. Ukibandika wako, kwa orodha hiyo ni picha tu iliyowekwa juu yake.

Hii ndiyo njia niliyopaswa kuifuata tangu mwanzo. Ndani ya viewDidLoad:

let nafasi = UIBarButtonItem(barButtonSystemItem: .flexibleSpace, target: nil, action: nil)
toolbarItems = [kitufeFunga, nafasi, kitufeWasiolipa]

Kile kilichoitwa nafasi hakionekani, kazi yake ni kusukuma kitufe kimoja kushoto na kingine kulia. Kisha ndani ya viewWillAppear:

navigationController?.setToolbarHidden(false, animated: animated)

Kwa nini viewWillAppear na siyo viewDidLoad? Kwa sababu kuonekana au kufichwa kwa upau ni hali ya rundo zima. Ukienda skrini ya pili isiyo na vitufe utaona upau mtupu umekaa chini kama benchi lisilo na mtu. Skrini hiyo iufiche katika viewWillAppear yake, na ukirudi ya kwanza iuite tena. viewDidLoad haiitwi tena ukirudi.

Na kama una sababu ya kubandika upau wako mwenyewe, basi usiikaze orodha kwenye ukingo wa skrini. Mwisho wa orodha uukaze kwenye mwanzo wa upau. Au ongeza contentInset.bottom ya orodha kwa urefu wa upau. Jambo moja kati ya hayo lingetosha kumwokoa shangazi.

Rangi nayo ina hadithi yake. Mwaka 2021, iOS 15 ilipotoka, pau nyingi zilipoteza rangi orodha ilipofika ukingoni, kwa sababu kuna sura mbili: standardAppearance na scrollEdgeAppearance. Ukijaza moja tu, nyingine inabaki wazi. Mwaka 2025 iOS 26 ikaleta pau za mfano wa kioo zinazoelea, na orodha inapita chini yake ukiiona. Mnaotumia SwiftUI mnaandika .toolbar na kuchagua .bottomBar, mambo mengi yanafanyika yenyewe. Lakini hata huko, ukibandika kitu juu ya orodha kwa ZStack umerudi palepale nilipokuwa. Sura zinabadilika, ila swali ni lilelile: je, orodha inajua kuna nini juu yake?

Nilirekebisha kodi usiku ule (nasema kodi ya programu, siyo ya nyumba). Mistari niliyoondoa ilikuwa 14, niliyoweka ilikuwa mitatu. Ningeweza kutuma toleo jipya na kumwambia shangazi awaeleze wenzake. Lakini angeeleza nini? "Mpwa wangu anasema ni simu"? Kila mwizi ana mpwa wa kusema hivyo. Ijumaa nikapanda basi la usiku kwenda Mombasa.

Jumapili alasiri nilikaa kwenye mkeka mbele ya akina mama 23 na toleo la zamani bado likiwa kwenye simu ya shangazi. Niliwaomba wahesabu pamoja nami. Tukafika 22. Nikavuta, nikamwonyesha mwenyekiti jina la Z likichungulia, nikaachia, likazama. Akaomba afanye mwenyewe. Kisha simu ikazunguka mkono kwa mkono, kila mmoja akavuta na kuachia. Sikutumia neno hata moja la kitaalamu. Nilisema kosa ni langu, niliijaribu kwa watu watano nikasema inatosha watu 23.

Yule mama alipofikiwa na simu alilivuta jina lake, akalitazama, akaliachia. "Kumbe mwezi mzima nimekaliwa na kitufe," akasema. Walicheka. Shangazi hakucheka. Alitoa shilingi 4,000 akawapa wale wanne waliopokea pungufu, 1,000 kila mmoja, na yule mama akapewa mchezo wake kamili. Ndipo mwenyekiti akauliza kama faini ya 400 imefutwa. Wakakubaliana kwamba faini haifutwi, kwa sababu kosa limefanyika. Ila itamfuata mkosaji. Nililipa palepale.

Siku hizi nikijaribu orodha yoyote ninaijaza mpaka imwagike, na ninaangalia mstari wa mwisho kabla ya wa kwanza. Kazini wameniona nikifanya hivyo, wanadhani ni mafunzo ya chuo.

Shangazi bado ni mweka hazina, na programu bado anaitumia. Daftari pia limerudi, liko kando ya simu kila Jumamosi usiku, na sikumwambia aliache. Kabla ya kugusa jina lolote huivuta orodha kwa kidole hadi mwisho, anashikilia kidogo, anaangalia kama kuna mtu chini yake, ndipo anaachia.