Siku binti yangu aliponisahihisha hesabu

Kuna jambo moja ambalo sisi waandishi wa habari hulifanya bila hata kulifikiria. Tukihudhuria mazishi ya mtu mashuhuri, tunaandika "maelfu ya waombolezaji". Tukienda kwenye mkutano wa hadhara, tunaandika "mamia ya wakazi". Ni nani aliyewahesabu? Hakuna. Mtu hutupa jicho uwanjani, akakisia, akaenda zake kuandika.

Nami nimefanya hivyo mara nyingi na sikuona ubaya wowote, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa Januari nilipojikuta kando ya Ziwa Ol' Bolossat katika kaunti ya Nyandarua, kalamu mkononi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikihesabu ndege.

Sikwenda kwa kupenda. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 11, ni mwanachama wa chama cha mazingira shuleni kwao. Huko alisikia kwamba kila Januari watu hujitolea kuhesabu ndege wa majini, na tangu siku hiyo sikupata usingizi. "Mama, wanahitaji watu. Mama, hawalipishi chochote. Mama, hata wasiojua ndege wanakubaliwa." Nikakubali shingo upande. Tukapanda matatu Ijumaa mchana, tukapita Naivasha na Gilgil, na jioni tukafika Ol Kalou tukalala.

Saa kumi na moja za alfajiri tulikuwa macho. Wale mnaodhani kwamba Januari ni mwezi wa joto kote nchini, nendeni Nyandarua mkajionee. Ziwa hilo liko zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ile umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, ukilia chini ya viatu kama sukari iliyomwagika sakafuni. Binti yangu alikuwa amevaa sweta mbili na soksi zangu. Mimi nilikuja na koti la mjini, lile la kuendea kanisani.

Ol' Bolossat ndilo ziwa la pekee la asili katika eneo la kati la Kenya, lakini Wakenya wengi hawalijui. Si ziwa la watalii. Ni maji ya kina kifupi yaliyozungukwa na matete, vinamasi, malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi. Humo mna viboko. Humo pia ndimo yanamotoka maji ya mto Ewaso Narok, ambao huteremka kwenye maporomoko ya Thomson mjini Nyahururu kabla ya kuungana na Ewaso Nyiro na kwenda kunywesha mifugo ya Laikipia, Samburu na Isiolo. Kwa hivyo yule mfugaji wa Isiolo, hata kama hajawahi kuliona ziwa hili, analitegemea.

Tulikuta kundi la watu kama ishirini hivi. (Samahani, msomaji. Walikuwa 22, kwa maana baadaye niliwahesabu.) Wengi wao walikuwa vijana wa vijiji vya karibu, wengine wanafunzi wa chuo, na wachache kama sisi waliotoka Nairobi. Kijana aliyetuongoza alizaliwa hatua chache kutoka ziwani, na aliwajua ndege wale kama mtu anavyowajua majirani zake.

Kabla ya kuanza, alitueleza kwa nini kazi hii hufanywa Januari. Wakati huo Ulaya na kaskazini mwa Asia ni majira ya baridi kali. Maji yameganda na chakula hakuna. Ndege wa huko huhama kwa mamilioni na wengi wao huja kwetu. Ndiposa katikati ya Januari watu wa nchi nyingi hutoka kwa wakati mmoja na kuhesabu ndege wa majini, ili yule aliyehesabiwa Misri mwezi ule asije akahesabiwa tena Kenya mwezi mwingine. Hesabu hiyo ya kimataifa ilianza mwaka wa 1967, na hapa kwetu imekuwa ikifanywa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, takwimu zikipelekwa kwa wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa.

Lakini wazo la raia wa kawaida kuhesabu ndege wakati wa baridi ni la zamani zaidi. Siku ya Krismasi mwaka wa 1900 Mmarekani mmoja, Frank Chapman, aliwashawishi wenzake waache desturi ya kushindana nani atawapiga ndege wengi zaidi risasi siku hiyo, badala yake wawahesabu. Walikuwa watu 27 tu. Hesabu ile ya Krismasi inaendelea mpaka leo.

Tuligawanywa katika makundi, kila moja likapewa sehemu yake ya ufuo. Sisi tulikuwa watatu: kijana kiongozi kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu, binti yangu na darubini ndogo, na mimi mwandishi. Nilifurahi. Kuandika si ndiyo kazi yangu?

Msomaji, kuhesabu ndege si mchezo. Ukiwakuta wamesimama wachache, unawahesabu mmoja mmoja. Ukikuta kundi kubwa, unahesabu 10 kwanza, unatazama wamechukua nafasi kiasi gani, kisha unalipima kundi zima kwa nafasi hiyo: kumi, ishirini, thelathini. Wakiruka wakaenda mbele yako, ni lazima ukumbuke ili usiwahesabu tena ukifika huko. Kijana alikuwa akitaja, nami nikiandika: bata bukini, yangeyange, kwarara, kukuziwa weusi wenye paji jeupe.

Kisha akamwita binti yangu atazame kwenye darubini kubwa. Pembeni mwa tope palikuwa na kitwitwi mdogo, akidonoa huku na huku kama mtu aliyepoteza sindano. "Huyo ni mwepesi kuliko yai la kuku," kijana alisema. "Lakini amezaliwa kaskazini kabisa, kwenye pwani za barafu za Urusi. Amekuja kwa mabawa yake, na mwezi wa nne au wa tano atarudi."

Binti yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Nani alimwonyesha njia?" Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kumjibu sawasawa.

Ndege waliotupeleka pale hasa, hata hivyo, si wageni. Ni korongo taji, yule ndege mrefu mwenye kishungi cha dhahabu kichwani, ambaye majirani zetu wa Uganda wamemweka kwenye bendera yao. Tangu mwaka wa 2012 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Hutaga katika vinamasi, mayai mawili au matatu, na vinamasi vinakaushwa ili watu walime. Vifaranga vyake huibwa na kuuzwa. Wengine hugonga nyaya za umeme, na wengine hutiliwa sumu mashambani.

Kuhusu jambo hilo la sumu tulipata maelezo kutoka kwa mwenyewe. Karibu saa tano tulikutana na mzee mmoja akichunga ng'ombe kando ya shamba lake. Tukamwamkua, binti yangu akamwita guka, naye akafurahi. Lakini aliposikia kazi tuliyoijia, alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Mnahesabu ndege," alisema. "Na hasara yangu, mama, itahesabiwa na nani? Nikipanda mahindi, hawa korongo wanafuata mstari kwa mstari wakifukua mbegu. Napanda mara mbili. Na korongo mmoja akipatikana amekufa, wa kwanza kuulizwa ni mimi."

"Umewahi kuwatilia sumu, guka?" binti yangu akauliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee hakukasirika. "La, mjukuu wangu. Nawafukuza kwa debe. Lakini nikisema hivyo nani ataniamini?" Kisha akatuelekeza kwenye matete mengi upande wa mbali. "Kule nyuma ndiko wanakolala. Kila jioni nawaona, kama thelathini hivi."

Tulimshukuru tukaendelea. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali na tumbo langu linanguruma. Katika sehemu yetu yote tulikuwa tumeona korongo taji 17 tu. Kijana alikuwa ametuambia kwamba Januari iliyotangulia walikuwa wengi kuliko hao, na nilimwona amehuzunika. Kuyafikia yale matete kulihitaji kuzunguka kinamasi kwa muda wa saa nzima. Yeye alikwenda mbele kidogo kuangalia kama kuna njia. Mimi nikaketi juu ya jiwe, nikafungua fomu, na bila hata kusita nikaandika 47.

Kumi na saba zetu na thelathini za mzee. Mambo yameisha.

"Mama, mbona umeandika arobaini na saba?" Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Guka amesema kuna wengine thelathini kule nyuma."

"Lakini sisi hatukuwaona."

"Yeye anawaona kila siku. Anaishi hapa."

"Alisema kama thelathini hivi. Hakuwahesabu." Akanitazama. "Na wewe ndiwe uliyenichapa maneno siku ile nilipoandika kwenye daftari kwamba nimemaliza kitabu na sikuwa nimekimaliza."

Sikuwa na la kujibu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na siku nyingine malezi hayo hukurudia mwenyewe. Kijana aliporudi, nilimweleza, nusu nikicheka na nusu nikiona haya. Hakucheka.

"Mama," alisema, "tuseme tunaandika arobaini na saba. Mwaka ujao anakuja mtu mwingine, anahesabu vizuri, anapata kumi na saba. Atasema nini? Atasema korongo thelathini wamekufa hapa. Na wakiulizwa nani amewaua, watamtazama nani?"

Sote watatu tuligeuka tukamtazama yule mzee, aliyekuwa bado amesimama na ng'ombe wake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani ninawasaidia korongo kwa kuwaongeza. Kumbe ningekuwa nimeficha upungufu wao mwaka huu, na mwaka ujao ningekuwa nimemtwika mzee wa watu kosa la kuwaua ndege ambao huenda hawakuwapo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mara nyingi anayeadhibiwa mwisho wake si mwongo mwenyewe.

Tena tarakimu hizi zina kazi kubwa. Chini ya mkataba uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka wa 1971, ziwa huweza kutambuliwa kuwa muhimu kwa ulimwengu mzima kama hupokea ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida, au asilimia 1 ya ndege wote wa aina fulani. Maziwa yetu ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita yamo katika orodha hiyo. Bila watu wa kusimama kwenye tope na kuhesabu, hakuna anayeweza kujua kama ziwa limefikia kiwango au limepoteza ndege wake.

Nilikata ile 47 kwa mstari mmoja, nikaandika 17. Kwenye nafasi ya maelezo, kijana akaniambia niandike kwamba mkazi mmoja anasema huona korongo wengine wakilala nyuma ya matete jioni. Hilo tulilisikia, kwa hivyo tuliliandika kama tulivyolisikia. Kisha tukazunguka kile kinamasi kwa saa nzima, koti langu la kanisani likachafuka mpaka kwenye mifuko. Nyuma ya matete hatukukuta korongo hata mmoja. Ilikuwa mchana, na pengine walikuwa mashambani wakitafuta chakula. Pengine. Nikaandika sifuri, na binti yangu akaikagua.

Wiki mbili baadaye nilitumwa kwenye mkutano wa hadhara hapa Nairobi. Nilihesabu safu za viti, nikahesabu viti vya safu moja, nikaongeza waliosimama, kisha nikaandika "watu wapatao 340". Mhariri wangu aliniuliza kwa nini sikuandika "mamia" kama kawaida. Nikamwambia kwamba nyumbani kuna mtu atakayeisoma.

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi, Januari haikawii kurudi. Si lazima uwajue ndege wote, kwani hukosi kupangwa pamoja na mtu anayewajua. Chukueni sweta, chakula cha mchana na viatu msivyovionea huruma. Nendeni na watoto, na mkiwa na bahati kama yangu, watawakagua.