Mondragón: Mji Ambako Mfanyakazi Ndiye Tajiri

Leo twende pamoja Hispania, katika nchi ya Wabaski. Huko, bondeni kati ya milima, uko mji mdogo uitwao Mondragón. Watu wake ni mafundi wa chuma tangu zamani.

Mwaka 1941 alifika hapo padre kijana, José María Arizmendiarrieta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, na umaskini ulikuwa mwingi. Mwaka 1943 ikafunguliwa shule ya ufundi kwa juhudi zake.

Baadhi ya wanafunzi wake waliajiriwa katika kiwanda kikubwa cha mji. Wakaomba wafanyakazi waruhusiwe kununua hisa, wakakataliwa. Je, wewe ungefanya nini? Watano kati yao waliacha kazi, wakachanga fedha kwa jirani na rafiki, na mwaka 1956 wakaanzisha kiwanda chao cha majiko ya mafuta ya taa.

Sikia sheria yao. Kila mwanachama huweka fedha zake katika kazi, naye ana kura moja, awe meneja au mfagiaji. Hesabu husomwa mbele ya wote. Mwanzoni mshahara wa mkubwa haukupita mara tatu ya ule wa mdogo. Faida ikipatikana, kila mmoja huandikiwa fungu lake. Hasara ikija, huwagusa wote.

Usidhani kwamba huko hakuna machozi. Mwaka 1974 palitokea mgomo. Mwaka 2013 kiwanda kile cha kwanza, ambacho kilikuwa kimekua na kutengeneza majokofu na mashine za kufulia, kilifilisika, na wanachama wakapoteza akiba zao. Lakini vyama ndugu vya Mondragón viliwapokea wengi wao kazini. Hawakuachwa barabarani.

Nawe msomaji, pengine huna kiwanda, ila una vibarua wawili wakati wa mavuno. Au wewe mwenyewe ndiwe kibarua. Mwenye shamba hulalamika kuwa watu ni wavivu. Kibarua hulalamika kuwa ujira ni mdogo. Wote wawili hawajapata kukaa na kuhesabu magunia pamoja. Anzeni hapo. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lililofichwa huzaa shaka. Anayejua fungu lake hahitaji kusimamiwa.