Yakuti Iliyopakwa Rangi



Leo nataka tuzungumze habari ya picha ya sinema. Tafadhali usikunje uso. Najua wako miongoni mwetu wasemao kuwa sinema ni upuuzi, na mimi sikuja kubishana nao. Lakini wewe na mimi tunajuana. Hazikuwa nyingi nyumba za pwani hii ambazo hazikupata kulilia picha ya Kihindi. Mama zetu walikuwa na siku zao za kwenda sinema, wanawake watupu, wamejitanda buibui zao. Na mahadhi waliyotoka nayo huko yakaingia katika taarabu, hata marehemu Juma Bhalo akayatilia mengi maneno ya Kiswahili, nasi tukayaimba arusini. Basi kwa kuwa jambo hili limekwisha kuingia majumbani mwetu, na tulipime kwa mizani, kama tupimavyo kila kiingiacho mlangoni.

Picha ninayotaka kuisema ni "Razia Sultan", iliyotoka mwaka 1983. Mwongozaji wake alikuwa Kamal Amrohi, mtu wa mji wa Amroha huko Bara Hindi, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1993. Huyu hakuwa mtu wa mzaha katika kazi yake. Mwaka 1949 alitoa "Mahal", na wazee wetu wengi walikuwa wakiuguna wimbo wake hata hawajui maneno yake maana yake nini. Alikuwa mmoja wa walioandika mazungumzo ya "Mughal-e-Azam" ya mwaka 1960. Kisha ikaja "Pakeezah", aliyoianza katika miaka ya 50 na kuitoa Februari mwaka 1972. Ilipotoka, mtunzi wa mahadhi yake, Ghulam Mohammed, alikuwa amekwisha kufa. Na Meena Kumari, mkewe Kamal Amrohi ambaye walikuwa wametengana, akaimaliza picha hiyo hali yu mgonjwa, akafariki tarehe 31 Machi mwaka ule ule.

Nakuomba ukumbuke jambo moja katika "Pakeezah", maana nitalirudia. Kisa kizima kimesimama juu ya vitu viwili vidogo: kijikaratasi kilichoachwa miguuni mwa mwanamke aliyelala ndani ya behewa la treni, na mlio wa treni usiku. Mwanamke yule kila mtu alimwona ni kitu cha kununuliwa. Kijikaratasi kile kilimwambia kuwa yuko mtu mmoja aliyemwona kuwa ni binadamu. Tangu hapo kila treni inapolia, yeye hushtuka, na sisi tuliokaa kwenye mikeka hushtuka naye.

Sasa fahamu tulivyofurahi tuliposikia kuwa bwana huyu ametengeneza picha juu ya Razia, binti Iltutmish, mwanamke aliyetawala Delhi kuanzia mwaka 1236 hata 1240. Tena ndani ya habari ya Razia yumo Jamaluddin Yaqut, Mhabeshi, mtu wa upande wetu wa bahari. Jina lake ndilo lile lile jiwe la thamani tuliitalo yakuti. Tukaambizana: leo mtu mweusi atakaa katikati ya picha ya Kihindi, si kushika upepeo nyuma ya kiti cha mfalme.

Tuliiona kwa mkanda wa video, Mombasa, katika nyumba ya jirani aliyekuwa na mashine. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia, watoto palipobakia. Mfasiri wetu alikuwa fundi mmoja wa cherehani, mzee wa Kihindi, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetueleza nani kamwambia nani nini. Usiku ule alikwama. Alitega sikio, akavua miwani, akaivaa tena, mwisho akasema: "Wanangu, hii si lugha ya dukani. Hii ni ya makadhi na washairi." Na kweli, Kamal Amrohi aliwasemesha watu wake Kiurdu kizito kilichojaa Kifarsi, hata huko kwao Bara Hindi watazamaji wengi hawakukifuata.

Kisha akatokea steringi, ndiye Yaqut. Alikuwa Dharmendra, tuliyemjua sote, mtu wa Punjab, amepakwa rangi nyeusi usoni na mikononi.

Mle chumbani alikuwamo ami yetu mmoja. Hakuwa wa damu, alikuwa wa ujirani. Mtu mweusi wa kung'aa, mpole, mfanyakazi wa bandarini, mpenzi wa picha za Kihindi kuliko sote. Akaitazama ile sura kitambo, akauliza polepole, kama aulizaye bei: "Kwani Bara Hindi nzima hawakumpata mtu mweusi hata mmoja?"

Kijana mmoja akamjibu: "Wangalikuita wewe, ami!" Chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti. Yeye naye akacheka kidogo, akamaliza kahawa yake, akasema ana zamu ya alfajiri, akaaga. Picha haijafika nusu. Mtu yule hakupata kuondoka kabla ya mwisho wa picha hata siku moja.

Basi tupime, ndugu yangu.

Kwanza tuyataje mazuri, maana asiyetaja jema la mtu hana haki ya kutaja kosa lake. Nyimbo za "Razia Sultan" ni nyimbo. Mahadhi aliyatia Khayyam, na katika "Ae Dil-e-Nadan" yeye na Lata Mangeshkar walithubutu kunyamaza katikati ya wimbo, mpaka ukasikia jangwa lenyewe. Maneno yake yaliandikwa na Jan Nisar Akhtar, aliyefariki mwaka 1976, miaka 7 kabla ya picha kutoka. Kwa hilo pekee utajua kazi hii ilichukua muda gani. Fedha zilimwagwa, makasri yakajengwa, majeshi yakavishwa, farasi wakakusanywa. Mtu anayefanya hivyo na umri wake unaikaribia miaka 65 hafanyi kwa uvivu. Anataka kuacha kitu nyuma yake.

Lakini wewe unajua halua inavyopikwa. Sukari, samli, iliki, zafarani, lozi, vyote vitu vizuri. Ila kinachoishika halua ni wanga, kitu cha bei ndogo, hakina rangi wala harufu. Ukizidisha zafarani ukasahau wanga, utasonga mwiko mpaka usiku na halua haitashika. Ndivyo nilivyoiona picha hii. Kila kitu cha pambo kimo. Kile kijikaratasi cha "Pakeezah", mtu kumwona mwenziwe kuwa ni mtu, hakimo.

Mtazame Razia mwenyewe. Iltutmish alikuwa na wana wa kiume, lakini mwaka 1231 alipokwenda kupigana Gwalior, aliyemwachia mambo ya Delhi ni binti huyu. Alipokufa mwaka 1236, wakubwa wakamtawaza mwanawe Ruknuddin, naye akashughulika na anasa, na mamake ndiye akashika amri. Razia akawaendea watu wa mji siku ya Ijumaa, akawashitakia dhulma, nao wakamsimamisha yeye. Akapiga sarafu kwa jina lake. Akatoka hadharani amevaa kofia na joho, juu ya ndovu, watu wakamwona. Minhaj Siraj Juzjani, mwanachuoni aliyeishi katika dola yake, aliandika kuwa alikuwa na sifa zote zimpasazo mfalme, akili na uadilifu na ukarimu na ujasiri wa vita, kisha akasikitika kuwa sifa hizo hazikumfaa kitu kwa kuwa hakuzaliwa mwanamume.

Hiyo si habari ya kutikisa moyo? Mwanamke anasimama mbele ya umma kudai haki, anahukumu, anaongoza jeshi, na wakubwa wanamwonea choyo. Katika picha ya Kamal Amrohi yote haya yamekuwa pazia la nyuma. Mbele yake amekaa mwanamke mzuri aliyejaa vito, anayeugua mapenzi. Ufalme wake umekuwa kikwazo cha mapenzi yake tu.

Na mapenzi yenyewe je? Juzjani anasema tu kuwa Yaqut, aliyekuwa mkuu wa mazizi ya farasi ya mfalme, alipata kuwa karibu na Razia, na maamiri wa Kituruki wakaingiwa na wivu. Maneno ya fedheha yalikuja kunenepa baadaye. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyelala usiku mmoja hapa Mombasa mwaka 1331 akienda Kilwa, alipofika Delhi miaka michache baadaye aliikuta tuhuma hiyo ikisimuliwa. Zilikwisha kupita kama miaka 100. Na Isami, aliyeandika mwaka 1350, akaongeza ya kwake. Wewe unajua neno linavyokua likitembea kutoka baraza hata baraza. Mwaka 1240 Yaqut aliuawa katika fitina ile, na Razia akauawa mwaka ule ule karibu na Kaithal. Msanii mkubwa alikuwa na hiari ya kuuliza: hawa wawili walidhulumiwa vipi? Yeye akachukua uvumi wa maadui zao, akaupamba kwa dhahabu, akauita mapenzi.

Ama Yaqut, yeye hata uso wake hakupewa. Wahabeshi hawakuwa wageni wa kupita njia huko Bara Hindi. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani, alikuja kuwa ndiye mwendeshaji wa dola ya Ahmadnagar, akawasumbua majeshi ya Mughal mpaka alipokufa mwaka 1626. Msikiti wa Sidi Saiyyed huko Ahmedabad, wenye madirisha ya mawe yaliyochongwa kama matawi ya mti, ulijengwa na Mhabeshi mwaka 1573. Na wazao wa Waafrika, Masidi, wako hata leo Gujarat na Karnataka. Nyuso zilikuwako. Ikatafutwa rangi ya kopo.

Picha haikufaulu. Watu hawakwenda kuitazama kwa wingi, fedha zikapotea, na Kamal Amrohi hakutoa picha nyingine mpaka alipofariki. Wengine walisema kosa ni lugha ngumu. Wengine wakasema ni urefu na uzito wake. Hayo yamo. Lakini mimi nadhani mtu akikwisha kusifiwa kwa uzuri wa kazi zake, huja akaushughulikia uzuri kwanza na mtu baadaye. Anapamba, anapamba, na siku moja anageuka hamwoni tena yule aliyekuwa akipambiwa.

Hapa ningeweza kuweka kalamu chini, ndugu msomaji, ukaniona nimehukumu kwa haki. Lakini sijamaliza, maana iko mizani nyingine ambayo miaka mingi nimeikwepa.

Mimi nilifundishwa chuoni, kama wewe, habari za Bilal Mhabeshi. Niliweza kuzisema kwa moyo tangu sijaota jino la pili. Nilijua kuwa mtu hampiti mwenziwe kwa rangi ila kwa uchaji wake. Na usiku ule, mtu mweusi aliyekaa karibu nami aliuliza swali la haki kuliko yote yaliyosemwa mle chumbani, nami nikamcheka. Kwa nini nilicheka? Kwa sababu nyumbani kwetu nako tulikuwa na kopo letu la rangi. Mtoto akizaliwa, tuliuliza kwanza mweupe au mweusi. Posa ikija, tuliuliza babu yake nani, na alitoka wapi, tukapunguza sauti. Yule ami alikuwa akila kwetu, akituletea samaki, akibeba jeneza letu. Lakini hakuna mtu aliyepata kumtajia binti wa nyumba ile. Yeye alilijua hilo. Sisi tulijidanganya kuwa halijui.

Kamal Amrohi alimpaka rangi steringi wake mbele ya dunia nzima, ikaonekana, ikasemwa. Sisi tuliipaka yetu nyuma ya pazia, na hakuna aliyeandika gazetini.

Ami yule aliendelea kuja kutusalimu, na aliendelea kutazama picha, ila si usiku na watu wengi. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwendea na kumwambia: "Ami, nisamehe, swali lako lilikuwa kweli." Kila nilipotaka, niliona ni jambo dogo, pengine amekwisha kusahau. Amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mimi sikumwambia. Ndiyo maana nakuambia wewe.

Siku hizi picha hiyo inapatikana hata kwenye simu. Ukipenda itazame, usikilize ule wimbo na kimya chake, umhurumie mzee aliyetaka kujenga kasri la mwisho likamshinda. Lakini kama yuko nyumbani kwako, au jirani yako, mtu uliyepata kumcheka kwa uso aliopewa na Muumba wake, usingoje picha ifike mwisho. Mfuate mlangoni kabla hajavaa viatu.